MARIE CURIE: MWANAFUNZI MASKINI ALIYELIPA DENI ASILODAIWA



Mwaka huu nimeamua kuwaletea maisha ya mama mmoja ambaye jina lake si geni shuleni. Wale wa Fizikia na Kemia humtaja kila wanapofika kwenye mada ya mionzi. Ndiye Marie Curie, aliyegundua elementi za poloniamu na radiamu pamoja na mumewe, na mwanamke wa kwanza duniani kupewa Tuzo ya Nobel. Hayo ya maabara nawaachia wenyewe. Mimi nataka kuwasimulia jambo ambalo vitabu vya sayansi hulipita mbio, yaani namna msichana huyu alivyosoma chuo kikuu hali mfukoni hana kitu. Nimelichagua kwa kuwa linatugusa. Miongoni mwetu wako wengi ambao, Mungu akijalia, watapata alama za kuingia chuo kikuu. Siku ya matokeo itakuwa shangwe na vigelegele. Wiki moja baadaye baba na mama watakuwa wamekaa kimya jioni wakipiga hesabu ya karo, nauli, chakula na kodi ya chumba. Hesabu kama hiyo ilipigwa pia katika nyumba moja mjini Warsaw, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Maria Skłodowska, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867. Alikuwa kitindamimba katika watoto watano. Wakati huo nchi ya Poland ilikuwa imegawanywa na majirani zake, na Warsaw ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia, na mama yake aliwahi kuwa mkuu wa shule ya wasichana. Msidhani basi kwamba nyumba ya walimu wawili ilikuwa na neema. Mwaka 1873 wakubwa wa Kirusi walimshusha baba cheo, wakampunguzia mshahara na kumtoa katika nyumba ya shule. Kana kwamba hayo hayatoshi, akiba aliyoitia katika biashara ya shemeji yake ikapotea yote. Ili mkono uende kinywani, familia ikaanza kupokea wavulana wa shule waliolala na kula pale kwa malipo. Nyumba ikajaa, na maradhi nayo yakaingia. Dada mkubwa, Zofia, akafa kwa homa ya taifasi. Mwaka 1878 mama mzazi akafa kwa kifua kikuu. Maria alikuwa na miaka 10 tu.

Pamoja na misiba hiyo, mtoto huyu hakuviacha vitabu. Mwaka 1883, akiwa na miaka 15, alimaliza shule ya sekondari kwa kutunukiwa medali ya dhahabu. Hapo ndipo alipogonga ukuta. Chuo Kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Msichana aliyetaka kuendelea ilimbidi aende ng'ambo, na ng'ambo, jameni, ni pesa. Dada yake Bronia, aliyemzidi Maria kwa miaka miwili na zaidi, alikuwa na kiu ya kusomea udaktari mjini Paris. Wote wawili walifundisha watoto wa watu majumbani, wakitembea kwa miguu kutoka mtaa hadi mtaa kwa ujira mdogo. Baada ya kujinyima sana, akiba ya Bronia ilitosha nauli na mwaka mmoja tu wa kukaa Paris. Udaktari nao ulitaka miaka mitano. Sasa hebu fikirini, ungekuwa wewe ungefanya nini?

Wale ambao mama zao wamo katika vyama vya akina mama wanaujua upatu. Kila mtu anatoa kidogo kidogo, na zamu ikifika kwako unapewa fungu zima. Maria, aliyekuwa na miaka 17, alitoa shauri la kucheza upatu wa watu wawili. Bronia atangulie Paris na akiba yake. Maria aajiriwe kama mwalimu wa watoto nyumbani kwa matajiri, ambako atapewa chakula na malazi, na mshahara wake awe akimtumia dada. Bronia akishakuwa daktari, naye amlipie Maria. Bronia alisita, akataka kujua kwa nini yeye ndiye atangulie. Jibu la Maria lilikuwa hesabu ya umri tu. Bronia alikuwa na miaka 20 na yeye 17, kwa hiyo mdogo ndiye mwenye muda wa kungoja. Mwaka 1885 Bronia akapanda gari moshi kwenda Ufaransa.

Nataka mlitazame jambo hili kwa makini. Katika upatu, anayepokea mwisho ndiye aliye hatarini. Waliotangulia wakitoroka, yeye ndiye anayebaki mikono mitupu. Maria alikubali zamu ya mwisho, na zamu hiyo ilichukua miaka sita kufika.

Mnamo Januari 1886, katikati ya baridi kali, alifunga safari hadi kijiji cha Szczuki, yapata kilomita 100 kaskazini mwa Warsaw. Huko aliajiriwa na familia iliyosimamia mashamba makubwa ya viazisukari. Mshahara wake ulikuwa rubli 500 kwa mwaka, yaani rubli 41 na ushei kwa mwezi. Kutoka hizo alimtumia Bronia 15, na nyakati nyingine 20, kila mwezi. Karibu nusu ya jasho lake ilikuwa ikienda Paris! Mchana alifundisha watoto wa mwajiri. Saa za mapumziko aliwakusanya watoto wa wakulima na kuwafunza kusoma na kuandika Kipolandi, jambo ambalo serikali ya Urusi ingeweza kumwadhibu kwalo. Usiku alijifungia na vitabu vya fizikia na hesabu, asije akafika chuo kikuu akiwa ameota kutu.

Huko huko Szczuki umaskini ulimchapa kiboko kingine. Mtoto wa kwanza wa familia ile, aliyekuwa akisoma hesabu chuo kikuu, alirudi nyumbani likizoni, akampenda Maria, naye Maria akampenda. Wakataka kuoana. Wazazi wa kijana waliposikia, walikuja juu. Ati kijana wao aoe mwalimu wa kuajiriwa, asiye na kitu? La hasha! Kijana akanywea. Mwenye kiburi cha kawaida angefunga virago siku hiyo hiyo. Maria hakuweza. Akiondoka, nani angemtumia Bronia pesa za mwezi ujao? Akameza fedheha yake, akaendelea kuishi chini ya paa lile mpaka mwaka 1889. Wengi husimulia habari hii kama kisa cha mapenzi. Mimi naona kuwa hapa ndipo bei halisi ya udaktari wa Bronia ilipolipwa.

Je, dada naye alikuwa mtu wa namna gani? Mwaka 1888 baba yao alipata kazi yenye mshahara nafuu, akaanza kumtumia Bronia rubli 40 kwa mwezi. Bronia hakuzitia zote kibindoni. Alimwomba baba akate rubli 8 kila mwezi ili Maria aanze kurudishiwa kidogo kidogo. Bado alikuwa mwanafunzi, bado alikuwa na njaa zake, lakini alianza kulipa. Mwaka 1890 akaolewa na daktari wa Kipolandi, kisha akamwandikia mdogo wake aje Paris, akae kwao bure. Ajabu ni kwamba Maria alisita. Miaka ya kungoja ilikuwa imemchosha, na hakutaka kumwacha baba peke yake. Ilikuwa bado kidogo tu ndoto ife. Lakini katika mwaka ule aliokuwa Warsaw alipata nafasi ya kuingia katika maabara iliyosimamiwa na binamu yake. Vile vyombo vikamrudishia moyo.

Novemba 1891, katika mwezi wa kutimiza miaka 24, Maria alifika Paris. Nauli yake ilikuwa ya kupimwa kwa kijiko. Ndani ya Ujerumani alisafiri daraja la nne, ambako behewa halikuwa na viti vya kutosha, kwa hiyo alibeba kiti chake cha kukunja, blanketi na chakula cha njiani. Godoro lake alilitanguliza kwa mizigo ili asije akanunua jingine Ufaransa. Akajiandikisha chuo kikuu cha Sorbonne, katika kitivo cha sayansi, kwa jina la Kifaransa, Marie. Kitivo hicho kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 1,800, na wanawake walikuwa 23 tu.

Kwanza alikaa kwa Bronia. Hapo alikula vizuri, lakini nyumba ilikuwa mbali, mwendo wa saa nzima kwa gari la farasi, na nauli ilikuwa inamla. Wageni nao hawakukauka sebuleni. Baada ya miezi michache alihamia karibu na chuo, akapanga chumba cha darini, juu kabisa chini ya paa. Kuanzia hapo alikuwa na rubli 40 kwa mwezi, ambazo ni kama faranga 100. Kwa siku ni faranga 3. Ndani ya hizo 3 mlikuwemo kodi ya chumba, chakula, nguo, karatasi, vitabu na ada ya chuo. Hakukuwa na moto wa kutosha, wala maji, wala taa ya gesi. Makaa aliyabeba mwenyewe kwa ndoo, ngazi baada ya ngazi. Samani zake zilikuwa kitanda cha chuma cha kukunja, meza, kiti, jiko dogo, taa ya mafuta na sanduku kubwa lililogeuka kabati na kiti cha mgeni. Wakati wa baridi maji yaliganda katika beseni. Usiku alivaa nguo alizokuwa nazo, zilizobaki akazirundika juu ya blanketi, na kukizidi baridi alivuta hata kiti akakiweka juu ya lundo, apate angaa kuhisi uzito.

Maarifa ya mwenye dhiki hayaishi. Maria aligundua kwamba maktaba ya Sainte-Geneviève ilikuwa na taa na moto, tena bure. Basi jioni alikaa huko mpaka ifungwe saa nne usiku, na makaa yake yakabaki ndoo nzima kwa siku nyingine. Akirudi chumbani aliwasha taa ya mafuta akasoma hadi saa nane za usiku. Nguo zake alizishona na kuzifua mwenyewe. Garimoshi na magari ya farasi aliyaachia wenye nazo, yeye akaenda kwa miguu.

Lakini sitaki mtu asome habari hii aone kwamba njaa ni ushujaa. Sivyo. Kwa wiki nyingi chakula chake kilikuwa mkate na siagi kwa chai ya turungi. Siku moja alianguka akazimia mbele ya rafiki yake. Shemeji yake, yule daktari, aliarifiwa, akapanda ngazi mbiombio. Hakumuuliza mengi. Alikagua chumba akaona majani ya chai tu. Baada ya kumbana, akapata ukweli kuwa tangu jana yake Maria alikuwa amekula figili chache na matunda ya cheri, basi. Akambeba mpaka nyumbani, Bronia akapika nyama na viazi, na kwa siku kadhaa wakamlisha kama mtoto. Mwanafunzi mwenye njaa si lazima awe mvivu au mchawi wa bajeti. Pengine anaficha. Wewe jirani yake ukiona haendi bwaloni, usingoje aanguke. Na wewe mwenye njaa, ukiwa na ndugu au rafiki mwenye sufuria, mwendee. Ile ziara kwa Bronia ilikuwa sehemu ya upatu pia.

Julai 1893 matokeo ya shahada ya fizikia yalisomwa ukumbini. Jina la kwanza kabisa lilikuwa lake. Msichana wa figili na cheri alikuwa amewapita wote. Furaha ikaja, ikifuatwa na swali lile lile la zamani. Alitaka kusoma shahada ya pili, ya hesabu, na mfuko ulikuwa umekauka. Alikwenda likizo Poland bila kujua kama atarudi. Mungu si Athumani, rafiki mmoja wa Kipolandi alihangaika huku na huku, akampatia Ufadhili wa Alexandrowicz, uliotolewa kwa wanafunzi hodari waliotaka kusoma ng'ambo. Zilikuwa rubli 600. Pigeni hesabu kwa rubli 40 kwa mwezi, mtaona ni miezi 15 kamili. Maria alirudi Paris, na mwaka 1894 akapata shahada ya hesabu akiwa wa pili.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mara alipoanza kupata kazi za kulipwa, ya kwanza ikiwa uchunguzi wa sumaku katika aina mbalimbali za chuma cha pua, Maria alianza kuweka kando kidogo kidogo. Zilipofika rubli 600 alizipeleka kwa wale waliomfadhili. Karani wa ufadhili alipigwa na butwaa. Kwani kuna mwanafunzi aliyewahi kurudisha? Ule haukuwa mkopo. Hapakuwa na mkataba, riba, wala mdai mlangoni. Lakini Maria aliona kwamba pesa zile zikikaa kwake siku moja zaidi ya lazima, kuna msichana au mvulana mwingine maskini anayezikosa. Kwake yeye, kusaidiwa kulikuwa ni kupewa zamu. Zamu yako ikipita, unatia fungu ili mwingine apokee.

Na hakuacha desturi hiyo alipopata jina. Mwaka 1895 aliolewa na mwanafizikia Pierre Curie. Mwaka 1898 wakatangaza poloniamu na radiamu, na mwaka 1903 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Henri Becquerel. Sehemu ya pesa za tuzo ilikwenda kwa Bronia na mumewe, waliokuwa wamejenga hospitali ya wagonjwa wa kifua huko Poland. Wangeweza kudai haki ya kumiliki njia ya kutengeneza radiamu, wakawa matajiri wa kupindukia. Hawakudai. Pierre alifariki mwaka 1906 kwa kugongwa na mkokoteni wa farasi, na Marie akapewa nafasi yake ya kufundisha Sorbonne, akiwa mwanamke wa kwanza kufundisha huko. Mwaka 1911 akapata Nobel ya pili, ya Kemia. Hata hivyo maabara yake ilikosa radiamu ya kutosha, kwa kuwa gramu moja tu iliuzwa dola 100,000. Basi mwaka 1921 wanawake wa Marekani walifanya harambee, wakachanga dola hizo, wakamnunulia gramu moja. Kabla ya kuipokea, Marie alitaka hati irekebishwe ili gramu ile iwe mali ya maabara, isiwe urithi wa watoto wake. Na mwaka 1932 Taasisi ya Radiamu ilipofunguliwa Warsaw, mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Bronia, yule yule wa upatu. Marie alifariki tarehe 4 Julai 1934, damu yake ikiwa imeharibiwa na mionzi aliyoishughulikia maisha yake yote.

Mwaka 1995 Wafaransa walihamisha mabaki yake wakayazika katika Panthéon, penye makaburi ya watu wao wakuu. Mwaka huo huo, hapa kwetu Kenya, sheria iliunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mambo haya mawili hayahusiani hata kidogo, lakini mimi huyaona pamoja. Tangu mwaka 1974 serikali yetu ilikuwa ikiwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu, na wengi waliokopa hawakurudisha, kwa kudhani kuwa pesa za serikali ni za bure. Ndiyo sababu moja iliyofanya bodi iundwe. Bado utawasikia watu wakisema ati mkopo ni wa kula, na anayelipa mapema ni mjinga. Nawaomba mwanzoe neno bure katika mazungumzo hayo. Kwa kila shilingi inayozuiliwa yupo mwanafunzi ambaye hatumjui, pengine hajamaliza hata shule ya msingi, anayengoja zamu yake kama Maria alivyongoja kule Szczuki.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Maria aliongeza jambo dogo juu ya hekima hiyo, kwamba hata deni ambalo hakuna anayekudai lina mwenyewe. Tutakapokwenda vyuoni, wengine kwa mkopo, wengine kwa basari, wengine kwa harambee ya kijiji na ng'ombe wa babu aliyeuzwa, tubane matumizi, tule vizuri kadiri ya uwezo, tusione haya kuomba. Kisha tukipata mshahara wa kwanza, kabla ya viatu vipya, tuulize zamu inayofuata ni ya nani.